Kisu Chini ya Koti

Kulikuwa na mrina asali mmoja, wapendwa, mkuu wa kambi ya warina asali wanane, ndani kabisa ya msitu. Kutoka kambini pale hadi nyumba ya kwanza yenye mtu ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Hakuna duka, hakuna zahanati, na simu huko ni kioo tu cha kujitazamia. Ulicho nacho ni kile ulichojifunga kiunoni. Kwa hiyo watu wale huuheshimu mkanda wao kama ninyi mnavyoziheshimu nguo za Jumapili, na nadhani wao wanawazidi.

Mkanda wenyewe ni wa ngozi ya ng'ombe, mpana kama kiganja. Unabeba shoka dogo, kibuyu cha maji, kopo la kiberiti, filimbi na kisu. Msidhani vinaning'inizwa ovyo. Shoka hukaa kushoto, makali yamevikwa ngozi, na filimbi karibu yake. Kibuyu hukaa kulia ili uzito upatane, mtu asiende upande upande kama bata. Uti wa mgongo huachwa wazi, kwa sababu ukianguka chali juu ya kitu kigumu huinuki tena. Na kisu hulazwa mbele, chini kidogo ya kitovu, ndani ya ala yake, ili mkono wowote, wa kulia au wa kushoto, ukifikie bila kusaidiwa na macho.

Kila asubuhi, kabla ya kutawanyika, walikuwa na desturi yao. Wanasimama mstari mmoja, wanafumba macho. Mkuu wa kambi anaita, "Maji!" na kila mkono unagusa kibuyu. "Moto!" Mikono inagusa kopo. "Kisu!" Mkono wa kulia unagusa kitovuni, kisha wa kushoto unagusa papo hapo. Atakayepapasa anabaki kambini kupika. Mkuu yule aliita hivyo kwa miaka ishirini, na katika miaka ishirini hiyo hakumzika mtu hata mmoja msituni. Mnaona kazi nzuri ilivyokuwa?

Sasa ngoja niwaambie jambo ambalo wale saba hawakulijua. Mkuu yule umri ulikuwa umesogea, na tumbo nalo lilisogea pamoja na umri. Kila akiinama kula ugali, ala ya kisu ilimchoma. Siku moja akakihamisha kisu nyuma, upande wa kulia, kikakaa nyuma ya kibuyu. Akajiambia ni kwa muda tu, mpaka tumbo litulie. Tumbo gani hutulia, ndugu zangu? Misimu mitatu ikapita. Yeye alivaa koti refu la kuzuia nyuki, na koti lile lilifunika kila kitu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaita, nani angemwita yeye?

Msimu ule alikuja mtu mgeni kambini, shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye mvi zake, aliyekuwa fundi mwashi mjini. Asubuhi ya kwanza wakasimama mstari. Mkuu akaita, "Kisu!" Mikono yote ikaenda kitovuni, isipokuwa wa mwashi, uliopeleka vidole nyuma na kuanza kupapasa.

"Shemeji," mkuu akasema, "hicho kisu umekiweka makalioni umkate nani? Anayekufuata?"

Kambi nzima ikaangua kicheko.

"Mbele kinanichoma nikiinama, shemeji."

"Kikuchome. Bora kikuchome kila siku kuliko siku moja ukihitaji usikipate."

Maneno ya dhahabu hayo! Mimi mwenyewe nisingeweza kuyasema vizuri zaidi. Akasogea, akamfungua shemeji yake mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akakileta kisu mbele, akakilaza sawasawa. Alipokuwa ameinama pale, alisikia ala yake mwenyewe ikimgusa mgongoni chini ya koti. Moyo ukamshtaki, na aliona aibu kweli. Akasema moyoni, nitakiweka sawa jioni. Kisha akaendelea na mstari.

Wakatawanyika, kila mmoja na mizinga yake, na mwashi aliyepapasa akabaki kambini kupika. Mkuu akapanda mti wake, kamba ikiwa imezungushwa shinani na mkononi kama walivyozoea. Akaufungua mzinga, moshi ukapanda, masega yalikuwa mazito na meupe. Akasimama juu ya tawi alilolikanyaga miaka mingi. Tawi lile lilikuwa limeliwa na mchwa kwa ndani, likakatika.

Akaporomoka, na shoka likachomoka mkandani likaanguka chini. Kamba ikajikaza kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia, ikamshika akining'inia. Toka nyayo zake hadi chini kwenye nyasi palikuwa na kimo cha mtu mmoja. Angeikata kamba, angeanguka, angechubuka magoti na kuondoka zake. Lakini kamba ilizidi kubana kwa uzito wake mwenyewe, na mzinga ulikuwa wazi juu ya kichwa chake, na nyuki walikwisha kumjua mwizi wao.

Mkono wa kushoto haukungoja kuagizwa. Ulikuwa umesikia "Kisu!" kwa miaka ishirini. Ulikwenda mbio chini ya kitovu, pale pale ulipofundishwa kwenda, ukakuta tumbo.

Wapendwa, kaeni na mkono huo kidogo.

Akaupeleka nyuma. Akajikunja, akajinyoosha, akafika kwenye kibuyu, na nyuma ya kibuyu ncha za vidole zikagusa ngozi ya ala. Aliigusa, lakini kuishika hakuweza. Kila akijaribu alizunguka hewani, na kisu kikazunguka naye. Hakuna aliyemnyang'anya kisu chake, wala hakukisahau nyumbani. Alikuwa nacho, kikali, alikuwa amekinoa jana yake, na kilikuwa mbali naye kwa upana wa vidole viwili.

Akaipata filimbi, akapuliza. Alipuliza mpaka midomo ikavimba kwa miiba ya nyuki na filimbi ikaanguka. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kwa kuuma, kisha vikafa ganzi, kisha akaacha kuvisikia kabisa. Jua lilitoka upande mmoja wa mti likaenda kusimama juu yake. Alimwomba Mungu amchukue upesi. Ndivyo ilivyokuwa, sitawaficha.

Aliyekuja ni mwashi. Aliifuata filimbi tangu iliposikika mara ya kwanza, akapotea njia mara mbili kwa ugeni wake. Mwishowe akafika. Akaupanda mti katikati ya nyuki, akaukumbatia kwa mkono wa kulia, macho ameyafumba kwa ajili ya miiba. Mkono wa kushoto ukashuka chini ya kitovu chake, ukachomoa, ukakata.

Walimbeba kwa machela ya miti siku nzima. Hospitalini waliokoa uhai wake. Mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kufa, wakaukata.

Siku ya nne shemeji yake akaingia wodini, akaketi kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kukushukuru."

"Unishukuru mimi?" mgonjwa akasema. "Si wewe uliyenikatia kamba?"

"Kisu kilikuwa pale ulipokiweka wewe, shemeji. Ningekiacha mahali pangu, tungekufa wote wawili mtini."

Mwashi hakujua kitu kuhusu kile kilichokuwa chini ya koti. Alisema kwa moyo mweupe, kwa heshima yote. Mgonjwa akageuza uso ukutani, akalia. Hakuwa analilia mkono.

Sasa sisi. Sisi tunaoita wenzetu kila asubuhi. Mama unayemwambia binti yako asiseme uongo, kisha mgeni akibisha hodi unamtuma akaseme hupo. Mzee wa kanisa unayesuluhisha ndoa za watu huku ya kwako mnasalimiana kwa kupitia watoto. Maneno yetu si ya uongo. Hapo ndipo penye uchungu! Yanafanya kazi, yanaokoa watu, na wengine watakuja kutushukuru kwa machozi. Lakini ukweli tuliowafungia wengine mbele, wa kwetu tumeusogeza nyuma kwa sababu unachoma tukiinama kula. Tumesema ni kwa muda. Tumevaa koti. Na siku mkono utakaposhikwa, hatutaulizwa kama tulikuwa na kisu. Tutaulizwa kilikuwa wapi.

Mrina asali yule alirudi kambini msimu uliofuata. Hakuita tena, kazi hiyo alimwachia shemeji yake. Alisimama mstarini pamoja na wengine, bila koti, akafumba macho, akamwambia shemeji yake, "Anza na mimi."

Mnaliona joho langu hili? Ni refu, linafika chini, na tangu mwezi wa kwanza nimesimama ndani yake nikiwahubiria msamaha. Wengi wenu mmesamehe, nimewaona mkikumbatiana hapo mlangoni. Katika kanisa hili, benchi la tatu kutoka nyuma, ameketi ndugu mmoja ambaye sijampa mkono tangu tulipogombana mwaka jana mwezi wa nane. Yeye anajua, na mimi najua.

Mwalimu wa kwaya, naomba msiimbe kwanza. Navua joho, ninashuka.