Kwa Nini Mchi Hubisha Hodi Ukingoni

Kaeni mkao wa kula, ingawa leo mtakula maneno matupu. Na mwenye mtoto mgongoni amkaze vizuri, maana habari hii ni yake kuliko yetu.

Zilikuwepo zama ambazo kinu hakikuwa na wimbo. Mlima Ndulele ulikuwepo, ukungu ulikuwepo, mtama ulisimama mashambani kama usimamavyo leo. Ila mwanamke alipotwanga, alitwanga amefumba mdomo. Watu wa mlima huo waliamini kwamba baraka ya unga hutorokea kwenye mdomo ulio wazi. Mtwangaji akitamka neno, hata akipiga chafya tu, unga utapungua mpaka ungo uonekane chini. Basi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mapaa, nyumba moja hadi nyingine ungesikia du, du, du, wala usisikie sauti ya mtu hata mmoja.

Zama hizo ndizo alizoishi Siwema, mke wa Mloka, pamoja na mwanawe wa kwanza, Kobelo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Kobelo alikuwa mtoto wa kucheka. Alimchekea mbuzi, akalichekea jua, akamchekea hata bibi yake, Bi Mwandule mama yake Mloka, ambaye watu wazima na ndevu zao walimwogopa. Lakini mchi ukishuka kinuni, du, mtoto alikakamaa kama ukuni. Macho yalimtoka, kisha kilikuja kilio kile cha kukata pumzi ambacho mzazi akikisikia husahau jina lake. Akimaliza kulia, alikataa ziwa.

Siwema alijaribu kila alilolijua. Alitandika majani ya mgomba ndani ya kinu ili kisilie, na mtama ukatoka mzima kama ulivyoingia. Akakihamishia kinu nyuma ya nyumba, akamwacha Kobelo kwa bibi yake. Mtoto akalia zaidi. Akakihamisha tena, mpaka ng'ambo ya migomba, na huko ndiko alikoharibu kabisa. Sasa sauti ilikuja ndani ya ukungu pasipo mkono wala uso, na Kobelo alikuwa akiitafuta darini, akiitafuta chini ya kitanda, akitetemeka. Kumbe kumficha mtoto kitu ambacho masikio yake yanakisikia ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mtoto akaanza kukonda, mashavu yakapwaya. Kwa desturi ya Ndulele, mtoto wa namna hiyo alisemwa kuwa amekataliwa na kinu, na dawa yake ilijulikana.

“Mwezi ukiandama, mwanangu, mume wangu huyu atateremka bondeni kwa shangazi yake,” alisema Bi Mwandule huku akimfuta Kobelo kamasi. “Kule ni wafugaji, wanakunywa maziwa. Hawana kinu.”

“Na atarudi lini, Mama?”

“Akishajua kukimbia.”

Kila mtu mlimani aliwajua watoto waliorudi kutoka bondeni. Walirudi wamenona, ngozi inang'aa, wakasimama mlangoni wakaamkia kwa adabu kama waamkiavyo wageni. Binti wa kwanza wa Bi Mwandule mwenyewe alirudi hivyo, na mpaka ameolewa na kupata watoto alimwita mzazi wake “mama wa mlimani.” Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siwema alijifungia ndani akalia, akatoka na uso mkavu, akaendelea na kazi.

Mwezi ulikuwa umebaki kipande chembamba. Alasiri moja ya joto, kinu kilikuwa kimelazwa uani kikauke baada ya kuoshwa. Siwema aliegemea ukuta, Kobelo akitambaa miguuni pake, nyuki wakivuma kwenye maua ya maboga, na usingizi ukamjia kidogo kidogo. Akiwa katikati ya kulala na kuamka akasikia: ngo.

Alidhani ni ndoto. Akafumbua jicho moja. Kobelo alikuwa ameshika kata ya kifuu, naye alikuwa ameigonga kwenye ukingo wa kinu. Alikuwa ameshtuka mwenyewe. Akaitazama kata, akautazama mkono wake, akakitazama kinu. Akagonga tena, ngo, na tumbo la kinu likaitikia kwa mvumo mdogo. Kobelo akacheka.

Siwema hakuthubutu kusimama, asije akaivunja ile ndoto. Alimwendea kwa magoti, akitambaa kama yeye, akagonga ukingo kwa ukucha. Ngo. Mtoto akajibu. Wakajibizana hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikavuka ua mzima.

Kisha Siwema akakisimamisha kinu, akamwacha Kobelo ashike ukingo na achungulie ndani. Akamwekea mkono juu ya mchi ausikie ulivyo laini. Akatia konzi ya mtama. Akauinua mchi kidogo tu, akagonga ukingo, ngo, akangoja mpaka mtoto amtazame. Ndipo akauacha ushuke. Du.

Midomo ya Kobelo ikaanza kutetemeka. Na neno likamponyoka mama yake, kama ambavyo lingemponyoka mama yeyote: “Ni mimi.”

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Amesema juu ya mtama! Lakini alipomtazama mwanawe, midomo ilikuwa imetulia. Kobelo alikuwa akikitazama kile kiganja, akisubiri kiondoke, mdomo uliofichwa useme tena. Siwema aliwaza unga wa nyumba nzima, akamwaza mtoto atakayesimama mlangoni na kumwamkia. Akaondoa kiganja.

Kesho yake asubuhi alikirudisha kinu uani, akamfunga Kobelo mgongoni, akatia mtama wa kutosha nyumba, akaimba:

*Ngo, hodi, ni mimi,*
*mama yako, ni mimi,*
*anayegonga ni mimi,*
*unga wa nani? Ni wetu.*

Sauti ilipanda ndani ya ukungu. Michi ya majirani ikanyamaza mmoja mmoja, wanawake wakasimama kusikiliza. Bi Mwandule akatoka mbio, nguo haijamkaa kiunoni.

“Siwema! Unatumalizia unga wetu kwa mdomo!”

Siwema hakuacha. Alikuwa anaogopa, tena anaogopa sana, lakini mchi uligonga ukingo, ukashuka, ukagonga, ukashuka. Mgongoni, Kobelo alikuwa ameweka shavu lake na kuusikia wimbo ukipita mifupani mwa mama yake. Kila ngo ilipolia, naye alimpiga mama bega kwa kiganja. Baadaye kiganja kikalegea. Mchi ukashuka, du, na mtoto akaendelea kulala.

Bi Mwandule akauchukua unga, akauchekecha mwenyewe, akaumwaga kwenye ungo. Ungo ukajaa kama siku zote. Akaingiza mkono ukazama mpaka kwenye kifundo. Akaketi chini palepale, mikono yake myeupe imelala mapajani.

“Yule wangu nilimteremsha bure,” alisema.

Alikaa hapo mpaka ukungu ukaanza kuinuka. Kisha akajizoazoa, akauchukua mchi wa pili, akasimama upande wa pili wa kinu.

“Nifundishe huo wimbo, mwanangu.”

Mwezi ulipoandama ulimkuta Kobelo mgongoni mwa mama yake, unga wa uji ukimganda puani.

Na tangu siku hiyo watwangaji huimba, na mchi hubisha hodi ukingoni kabla ya kushuka, na mtoto hufungwa mgongoni pale pale penye kishindo badala ya kufichwa mbali nacho. Sasa vinu vinapungua. Hata binti yangu huko mjini anasaga nyanya kwa brenda, nayo ikinguruma utadhani kuna simba kabatini. Mwanzoni mjukuu wangu aliiogopa, akawa anajificha nyuma ya mlango. Juzi nikamwona binti yangu amembeba kiunoni, amemwacha aipapase brenda ikiwa imezimwa. Kabla ya kubonyeza swichi, akagonga kifuniko kwa ukucha, akasema, “Hodi, ni mimi.” Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema hajui, mkono umejiendea tu. Na mtoto, kabla mashine haijaanza kunguruma, alinyoosha kidole chake kidogo akagonga naye: ngo.