Samaki wa Kutikisiwa

Wapendwa, kaeni vizuri. Na nyie mliojibana karibu na mlango ili mtoroke kabla ya maombi ya mwisho, nimewaona. Mfano wa leo hamjausikia popote, maana nimeutunga mwenyewe asubuhi nikipiga mswaki. Shule sikusoma sana, mnajua, barua zangu za kanisa mnazisahihisha mkicheka. Lakini mifano! Niliwahi kuhubiri habari ya waliopotea, ng'ombe wa mzee wa kanisa akasikia huko porini, akarudi zizini peke yake. Muulizeni, yule pale anayetazama chini. Chekeni sasa hivi. Huko mbele hamtacheka.

Kulikuwa na bwana mmoja, mstaafu wa reli. Mkewe alikuwa mshonaji. Mtoto hawakujaliwa. Kando ya cherehani yule mama aliweka tangi la kioo, na ndani yake samaki mmoja tu, mweusi, mistari ya manjano, uso wa hasira kama karani aliyeombwa fomu saa ya chakula. Samaki yule hakula kitu kingine ila viluwiluwi wa mbu, wazima, wale wanaojinyonganyonga majini. Mama aliwachota kwa kijiko kwenye pipa nyuma ya nyumba. Akikaribia tu, samaki anakuja mbio kwenye kioo, mkia unatetemeka.

Mumewe husema, "Huyo anakupokea kuliko ninavyokupokea mimi."

"Basi jifunze kwake, baba. Tikisa mkia."

Mama akafa. Aliumwa siku nne.

Msibani mtani wa yule bwana, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alifanya kazi ya watani. Alijifunga kanga ya marehemu, akakaa kwenye cherehani, akamwita mfiwa mbele ya watu: "Baba, suruali imepasuka nyuma. Vua hapa hapa nikushonee." Watu wakaangua kicheko, na mfiwa naye akacheka huku machozi yanamtiririka. Utani mnaujua. Unakuinua, lakini unakuinua bila nguo.

Wiki ile ile bwana afya akapita mtaani akamwaga kila pipa lenye maji yaliyolala. Viluwiluwi wakaishia kwenye vumbi. Mzee akanunua dukani chakula cha kopo, punje ndogo za kahawia, akamwagia samaki. Punje zikazama. Samaki akazitazama zikipita puani mwake kama mtu anayetazama mvua dirishani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tano tumbo limeingia ndani.

Nawauliza, samaki ni kitu gani? Ni kitoweo, mtasema. Lakini ndani ya nyumba ile, yule ndiye kiumbe pekee aliyebaki anayeujua mkono wa yule mama. Akifa huyo, mzee anabaki na cherehani.

Akarudi dukani na kopo lake. "Kijana, umeniuzia mchanga."

"Mzee wangu, chakula ni kizuri, tena kina nguvu kuliko viluwiluwi," akasema mwenye duka. "Tatizo, samaki wako hajui kama hicho ni chakula. Chakula anachokijua yeye kinacheza. Loweka punje ilainike, ibandike kwenye ncha ya uzi, ichezeshe mbele yake. Atakula."

"Mtu mzima mimi nikachezeshe uzi?"

"Wiki mbili tu, mzee. Na nisikilize hapa: kila siku upunguze. Leo tikisa sana, kesho kidogo, keshokutwa iache idondoke yenyewe. Lengo aokote kilicholala. Usipopunguza, hujamfundisha kula. Umemfundisha uzi."

Mzee akakata uzi mwekundu kwenye cherehani ya mkewe. Akafunga mlango, akashusha pazia, akatikisa. Samaki akageuza jicho. Akatikisa tena. Samaki akaruka, hap! Mzee akalia kwa sauti, peke yake sebuleni.

Siku ya nne samaki akawa anamsubiri. Akiingia tu mlangoni, anakuja mbio kwenye kioo, mkia unatetemeka, vile vile kama kwa marehemu. Sasa niambieni, wapendwa: ungekuwa wewe, ungepunguza? Mke hayupo, redio haikujibu, na kuna kiumbe kimoja duniani kinachofurahi ukiingia. Wiki mbili zikapita. Tatu zikapita. Mzee hakupunguza. Aliongeza.

Ikafika arobaini ya marehemu, ikafanyiwa kijijini kwao, safari ya siku mbili. Mzee akamkabidhi mtani ufunguo na kopo.

"Punje kumi asubuhi, kumi jioni."

"Basi? Hataki na kachumbari?"

"Basi."

Ulimi wake ulikuwa na neno moja zaidi. Uzi ulikuwa mfukoni, ameukunja kwenye leso. Lakini akilini akamwona mtani wake kwenye msiba ujao, mbele ya wakwe, amekaa kwenye kigoda na kamba mkononi: "Mnamwona mkwe wenu? Anavua samaki sebuleni!" Akaurudisha uzi mfukoni. Akapanda gari.

Huko mvua ikakata barabara. Siku saba alizopanga zikawa ishirini. Akapiga simu.

"Mtani, anakula?"

"Anakula kuliko wewe ulivyokula msibani! Nikimwaga, dakika moja juu ya maji hakuna kitu."

Hapo mzee alijua. Mimi nasema alijua. Aliushika ule uzi kwa vidole mfukoni, akafungua mdomo, akacheka kidogo, akakata simu.

Aliporudi alimkuta mtani kasimama mlangoni, mikono nyuma. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na yananuka. Chini kati ya mawe, punje zimelala zimeota ukungu, mamia, unene wa kidole. Juu yake samaki, ubavu mmoja juu, mwembamba kama jani. Alikufa njaa, wapendwa, amelalia chakula.

Mtani, yule aliyechekesha watu msibani, siku hiyo hakuwa na utani.

"Nilimpa kila siku. Nilipoona anakonda nikamwongezea. Ulikuwa unampaje wewe?"

Mzee akatoa leso, akaukunjua uzi mwekundu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," akasema mtani. "Ningekucheka mpaka Krismasi. Halafu ningetikisa."

Mfano umeishia hapo. Sasa mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnamhukumu mzee? Haya, tugeuze tangi tuangalie waliomo.

Mwezi wa tatu koo langu lilikauka, mnakumbuka. Jumapili tatu mama mmoja mzee alisimama hapa akasoma Neno kwa sauti yake ndogo, bila kinanda, bila mfano, bila mtu kupiga meza. Jumapili ya kwanza tulikuwepo wengi. Ya tatu tulibaki kumi na mmoja, nami nikiwa mmojawapo. Wengine mlikuwa wapi? Neno lilikuwa lile lile. Lilikuwa limelala tu. Na kule majumbani limelala kwenye kabati juu ya mabegi, na sisi tumekonda chini yake, tunasema, mbona siku hizi Mungu hasemi?

Lakini kosa si lenu peke yenu, na hili ndilo lililonikalisha kitandani leo na mswaki mdomoni. Miaka kumi na tisa natikisa uzi mbele yenu. Najivunia, mnanijua. Aliyenifundisha kazi hii, marehemu mchungaji wangu, aliniambia nipunguze kidogo kidogo, waumini waokote wenyewe. Nilimwitikia ndiyo. Halafu nikawaona mnavyokuja mbele mkinisikia nikikohoa tu mlangoni, mikia inatetemeka, nikaona raha. Sikupunguza. Niliongeza. Na wapo tuliowazika kutoka kwenye mabenchi haya waliojua mifano yangu yote, na saa ya mwisho hawakuwa na mstari mmoja wa kushika, nami nimekaa kando ya kitanda nashika uzi mtupu.

Daktari anasema koo hili halina muda mrefu. Basi nawaambia leo kabla sijapanda gari, na atakayenicheka anicheke. Huu hapa uzi. Nimeutoa mfukoni.

Sasa nitafungua kitabu nisome, polepole, sauti ya kawaida. Sitapiga meza. Nikimaliza nitakaa chini na hakuna atakayewatikisia kitu. Chakula kiko chini pale, kati ya mawe. Shukeni mkaokote.