Moshi wa Bonde la Mivumo

Nikisema "kale", nyie semeni "twambie". Kale. Vyema. Sogeeni basi, wajukuu zangu, nafasi ipo.

Hapo kale, siku ambazo mito ilikuwa bado haijapewa majina na njia zote zilikuwa za ng'ombe, kulikuwa na nchi iitwayo Ulembo. Ilitawaliwa na mwanamke, Mtemi Nkwimba, mfupi wa kimo, mpole wa sauti, lakini akisema jambo, limesemwa.

Mwaka mmoja vita vilizuka ng'ambo ya mto. Watu wakakimbia. Wakavuka na watoto mgongoni, wakavuka na wazee mabegani, wakavuka mikono mitupu. Walikuwa na chale mashavuni, na maneno yao yalipitia puani. Mtemi akawapa Bonde la Mivumo.

"Limeni hapa," akawaambia. "Nchi ni pana."

Na ilikuwa pana kweli. Msimu wa kwanza watu wa Ulembo waliwapelekea mbegu, wakawaazima majembe. Msimu wa pili mvua ikawa haba, na ng'ombe wakafa wengi, zizi baada ya zizi. Hapo akainuka Luhende, mfugaji mwenye sauti kubwa, akawa anapita kila mji akisema, "Hawa ni kupe wa mto. Wametuletea ugonjwa." Neno likapendwa. Kisimani kupe, sokoni kupe, hata watoto wakaimba kupe. Ndiyo, watoto kama nyie.

Siku moja ya palizi, jua la saa nne, watu wa bondeni wakiwa mashambani, vijana wa Luhende wakashuka na vijinga vya moto. Vibanda kumi na viwili vikaungua. Kimoja kilikuwa na mzee Barongo, aliyekuwa haoni vizuri. Binti yake, Nyasiro, alikimbia kutoka shambani akamvuta nje. Mzee akapona, ila mikono yake ilikuwa imeungua mpaka viwiko.

Na watu wa Ulembo, waliokuwa wakilima mlimani? Waliuona moshi. Wakautazama, kisha wakainama wakaendelea kupalilia.

Kesho yake Mtemi akaita baraza. Mzee Barongo akaketishwa mbele, mikono imefungwa majani ya mgomba. Luhende akasimama.

"Mtemi, hakuna aliyetaka mzee aungue. Lakini watu wamechoka. Tangu hawa waje, tunazika ng'ombe. Warudi kwao."

"Warudi," watu wakaitikia. "Warudi."

Mtemi akangoja kelele zitulie. "Ng'ombe wa kwanza kufa, nani alimwona?"

Akainuka Masalu, mdogo wake Luhende.

"Mimi, Mtemi wangu. Nilimchuna mwenyewe. Alikuwa fahali wa kaka, aliyemleta kutoka mbali. Wakafuata mitamba wawili. Siku hizo hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amevuka mto."

"Masalu, kaa chini," akasema Luhende.

"Nimekaa chini misimu miwili, kaka. Ulisema watu wakijua watatulaumu, nikanyamaza. Leo nimeiona mikono ya yule mzee."

"Na wewe uliogopa nini, mwanangu?" akauliza Mtemi.

"Kutengwa. Na huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja."

Baraza zima likamgeukia Luhende. Akatazama ardhi, wala hakukana.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Sawa, Mtemi, ugonjwa si wao. Lakini wana faida gani kwetu?"

"Sikuwapokea kwa faida," akajibu Mtemi. "Niliwapokea kwa sababu walikuwa wanakimbia kifo. Sababu hiyo ilitosha siku ile, na leo inatosha."

Akasimama. "Walioshika moto nawajua, nitawahukumu. Sasa nataka wengine. Nani aliuona moshi akaendelea kupalilia?"

Mama mmoja akainua mkono, machozi yakimtoka. Wa pili akainua. Wa kumi. Mwisho mikono ikawa mingi kama shamba la mtama.

"Basi nyote, kesho asubuhi, bondeni. Mtajenga. Nami nitakuja, maana nililisikia lile jina la kupe nikadhani litapita lenyewe. Kuanzia leo, anayelisikia amjibu anayelisema."

Wakajenga, wajukuu zangu. Wakakata fito, wakajenga. Wakakanyaga udongo, wakajenga. Mtemi mwenyewe alikuwa na tope mpaka magotini.

Siku ya tatu akatokea Luhende, peke yake. Akaingia kwenye udongo wa nyumba ya mzee Barongo akaanza kukanyaga. Kazi ikasimama, watu wakamtazama Nyasiro.

Nyasiro naye akamtazama. Akachukua mtungi, akamwagia maji miguuni pake.

"Udongo wako mkavu," akasema. "Ukijenga hivyo, ukuta utapasuka. Kanyaga tena."

Akakanyaga tena.

Watu wa bondeni hawakuondoka Ulembo, na leo hakuna awezaye kusema nani ni mjukuu wa bondeni na nani wa mlimani.

Mmesikia? Mwenye chuki alikuwa mmoja. Waliompa nguvu ni wale waliojua na wakakaa kimya. Nyie mkijua, semeni, hata aliyekosea akiwa ni ndugu yenu.

Kisa kimefika kwake, kinywa changu nakifunga. Vyenu viacheni wazi.