Mizabibu ya Marehemu Modest

Katika kijiji kimoja cha Mnero, wilayani Nachingwea, palikuwa na shamba dogo ambalo kila mpita njia alilitazama mara mbili, mara ya kwanza kwa mshangao na mara ya pili kwa kicheko. Kushoto kwake kulikuwa na mikorosho, kulia kwake mikorosho, na upande wa mbele ufuta ulitanda mpaka macho yachoke. Katikati ya hayo yote ilisimama mizabibu sitini, imefungwa kwenye nyaya zilizokazwa baina ya nguzo, imejipanga kama watoto wa shule wanaosubiri kuitwa majina.

Aliyeipanda ni marehemu Modest. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha divai huko Dodoma, na siku aliporudi kwao hakuleta redio wala godoro. Alileta gunia lililoloweshwa maji, limejaa pingili za mzabibu za kupanda. Zilikuwa za zabibu nyekundu aina ya Shirazi, na Modest hakuchoka kuisifu. Alisema zabibu hiyo imelimwa ng'ambo tangu enzi za mababu wa mababu, ganda lake ni jeusi, jua haliogopi, na divai yake huwa nzito, yenye rangi iliyokolea. Akifika hapo aliteremsha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

"Na ukiitengeneza kwa subira, Mama Tabitha, inanukia pilipili manga. Hakuna mtu aliyetia pilipili humo. Ni zabibu yenyewe."

Mkewe, Beatrisi, aliyeitwa Mama Tabitha kwa jina la binti yao aliyeolewa Masasi, alicheka kila aliposikia maneno hayo. Alicheka, lakini alishika jembe. Wawili hao walichimba mashimo, wakakaza nyaya, wakapogoa na kumwagilia. Ulipotimia mwaka wa pili, kabla shina hata moja halijazaa, Modest aliugua ghafla akafariki dunia.

Baada ya arobaini, Obadia, mdogo wake marehemu, alimweka shemeji yake chini. Obadia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu za wazi, na ardhi ile ilikuwa ya baba yao wote wawili.

"Shemeji, kaka alikuwa na ndoto zake, nami namheshimu," alisema. "Lakini ndoto hailiwi. Tuipe mizabibu msimu mmoja. Mvua za Desemba zikianza na hakuna divai ya kuonyesha, tunang'oa, tunapanda mikorosho. Sawa?"

"Sawa," Beatrisi alijibu.

Tangu siku hiyo hakulala usingizi wa raha. Kwa Obadia ile ilikuwa miti sitini tu. Kwa Beatrisi kila fundo la kamba kwenye zile nyaya lilifungwa na vidole vya mumewe, na kuing'oa kungekuwa kumzika mara ya pili. Akajifunga kibwebwe. Aliamka alfajiri, akapalilia, na kila Ijumaa alichota majivu jikoni akayanyunyizia kwenye majani ili wadudu wasisogee. Ndivyo mama yake alivyoilinda mboga yake, na bibi yake pia. Mwezi Juni vichala vilitokeza, punje zake ndogo za kijani zikafikia ukubwa wa mbaazi. Beatrisi alipiga magoti katikati ya shamba akamshukuru Mungu.

Hata hivyo, furaha hiyo haikudumu. Mwezi Julai, baridi ilipokaza na umande ukawa mzito, majani yalianza kujikunja. Beatrisi akaongeza majivu. Yakazidi kujikunja. Akaongeza tena, mpaka shamba zima likawa jeupe. Obadia alipopita aliona yote hayo, akatikisa kichwa, na wiki iliyofuata watu walisema ameshaagiza miche ya mikorosho.

Mambo yakiwa hivyo, alasiri moja bodaboda ilisimama mbele ya nyumba ya Beatrisi. Walishuka mzee mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na mkewe aliyekuwa akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Mzee alijitambulisha kuwa ni Isihaka, mkulima wa korosho kutoka Likunja, wilaya ya jirani ya Ruangwa. Mkewe aliitwa Sikuzani. Alijikata na jembe mguuni, kidonda kikachimba, na daktari wa hospitali ya pale Mnero alikuwa ametaka kukisafisha kila siku kwa muda wa siku kumi.

"Tuna ndugu yetu mjini Nachingwea, lakini amesafiri," Isihaka alisema, akiona haya. "Kurudi Likunja kila siku hatuwezi. Tumeambiwa hapa kwako kuna chumba. Hata baraza linatutosha, mama."

Beatrisi aliwatazama. Ndani alikuwa na debe moja la unga, mbaazi kidogo na jogoo mmoja. Chumba cha Tabitha kilikuwa kitupu kweli, lakini tumbo la mgeni halishibi chumba. Kabla hajatamka neno, Obadia, aliyekuwa akipita na baiskeli yake, alimvuta pembeni.

"Shemeji, wewe mwenyewe unakula kwa kubahatisha. Siku kumi! Waelekeze kwingine, wala hakuna atakayekulaumu."

Maneno yale yalikuwa na ukweli, nao ukweli ukamchoma. Beatrisi alitazama tena ule mguu uliofungwa. Alikumbuka namna alivyomuuguza Modest katika hospitali ya mbali na kwao, na namna watu asiowajua walivyompa mahali pa kuinjika sufuria. Akarudi barazani akapokea mfuko wa Sikuzani.

"Karibuni ndani. Tutakula kilichopo."

Jioni ile alimkamata jogoo wake, akamkabidhi Isihaka pamoja na kisu. "Baba, mchinje mwenyewe, mle kwa amani."

Mzee alipokea kile kisu kwa mikono miwili. "Mungu akuzidishie," alisema.

Asubuhi, Isihaka alipomaliza kuswali alitoka kunyoosha miguu. Mkulima hawezi kupita kando ya shamba la mwenzake bila kuchungulia, na yeye hakuchungulia tu, aliingia. Muda si mrefu sauti yake ilisikika.

"Mama Tabitha! Hebu njoo. Hii miti gani?"

"Mizabibu, baba. Inaitwa Shirazi."

"Washirazi ninaowajua mie ni wa Kilwa, kumbe wengine wana majani!" Alicheka, kisha uso wake ukabadilika. "Na huu weupe?"

"Majivu. Nimeyanyunyiza mwenyewe."

"Hebu tazama." Isihaka aligeuza jani. Upande wa chini nao ulikuwa mweupe. "Majivu huanguka kutoka juu. Ya huku chini umeyarusha vipi?" Akachuma punje moja, akaifuta kwa kidole gumba. Chini ya ule unga ganda lilikuwa na michirizi ya kahawia. Akainusa, akampa Beatrisi naye anuse. Ilinuka uvundo, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

"Hilo si jivu, mama. Huo ni ubwiri, ukungu unaokula majani. Nimepigana nao kwenye mikorosho miaka thelathini. Sijui kama ni uleule au ni binamu yake, ila sura ni moja. Majivu yako yameuficha usiuone, nao umejilia taratibu chini yake."

Beatrisi aligeuza jani jingine, na jingine tena. Kumbe juhudi zake zote zilikuwa zikiufunika ugonjwa shuka! Machozi yalimlengalenga, akasimulia yote, kifo cha Modest, ahadi ya Desemba na miche ambayo Obadia alikwisha iagiza.

"Mambo ya divai hayo mimi siyajui," Isihaka alisema. "Mie siinywi wala sitainywa. Lakini mti mgonjwa ni mti mgonjwa, na nyumba hii imenilisha. Ngoja."

Siku ileile alipanda bodaboda hadi Likunja, akarudi kesho yake na nusu mfuko wa salfa, ule unga wa manjano ambao wakulima wa korosho huipulizia miti yao kila majira ya baridi. Beatrisi alidhani ataleta pia mashine ya kupulizia, lakini mzee alikataa.

"Mkorosho ni mrefu na mgumu. Huu ni laini, tukiupulizia kwa mashine tutaubabua. Nipe kipande cha chandarua kikuukuu."

Alishona kimfuko, akakijaza salfa, akakifunga kwenye ncha ya fimbo. Alfajiri, majani yakiwa bado na umande, alipita akikigonga polepole juu ya mizabibu miwili tu, unga ukashuka mwembamba kama ukungu. Wakasubiri siku tatu kuona kama majani yataungua. Hayakuungua. Ndipo wakaingia shamba zima, Isihaka akigonga, Beatrisi akikata na kuchoma majani yaliyokwisha haribika. Sikuzani, kila alipotoka kusafishwa kidonda, aliketi kwenye kigoda katikati ya mistari akichambua vichala kimoja kimoja. Walimsihi apumzike, akawajibu kwamba aliyeumia ni mguu, mikono yake ni mizima.

Siku ya kumi kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Wageni walipoaga, Isihaka alimwachia Beatrisi salfa iliyobaki.

"Rudia kila baada ya wiki mbili, mpaka siku ya kuvuna."

"Mpaka punje zianze kubadilika rangi, baba. Hapo naacha," Beatrisi alisema. "Modest alinifundisha kwamba salfa ikibaki kwenye ganda, divai inanuka yai viza."

Mzee akacheka. "Haya, hapo mwalimu ni wewe."

Mashina kumi na saba hayakupona. Lakini arobaini na matatu yaliyobaki yalichipua majani mapya, na mwezi Agosti punje zikaanza kupata wekundu, kisha zambarau, kisha weusi wenye vumbi la samawati. Watoto wa kijiji waliokuwa wakicheka sasa walizunguka ua wakimeza mate. Mwezi Septemba Beatrisi alivuna. Kapu la kwanza hakulikamua. Alilifunika kwa kanga, akapanda gari hadi Ruangwa, akaenda nalo Likunja.

Sikuzani alimpokea akitembea bila fimbo. Isihaka alisema "Bismillahi," akatupia punje mdomoni, akafumba jicho moja.

"Tamu! Halafu inakaza ulimi kidogo, kama bibo."

"Nimekuja kushukuru, baba. Kama si nyie, leo ningekuwa nachimba mashimo ya mikorosho."

"Unatushukuru sisi?" Sikuzani alimshika mkono. "Mwenzangu, mimi nilikuja kwako nikiburuta mguu. Tunashukuriana, basi." Wakakaa hadi adhuhuri wakila zabibu na kutema kokwa, na Beatrisi aliona kuwa tangu amzike mumewe hakuwahi kucheka namna ile.

Aliporudi alianza kazi ya divai jinsi Modest alivyomwelekeza. Aliponda zabibu kwa mikono iliyooshwa vizuri, akazitia na maganda yake kwenye pipa, kwa sababu wekundu wote uko kwenye ganda. Zilipoanza kuchacha na kutokota, alizikandamiza kwa mwiko mrefu mara tatu kwa siku ili maganda yasielee juu yakakauka. Baada ya siku kumi akakamua, akachuja, akajaza madumu akayaziba. Kisha akangoja.

Wingu la kwanza la Desemba lilipotanda, Obadia alifika. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga jembe.

"Shemeji, siku zimetimia."

Beatrisi alimimina divai kwenye bilauri, nyekundu iliyokolea hata mwanga ulishindwa kupenya, akamkabidhi kwa mikono miwili. Obadia aliinusa. Akainusa tena. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza, kisha akaketi barazani taratibu kama mtu aliyeambiwa habari nzito.

"Pilipili manga," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka aliniambia, nikamwona mwongo."

Beatrisi akalia, na Obadia akamwacha alie, kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa. Alipotulia, Obadia aliuliza nani aliyeiponya mizabibu, maana aliiona kwa macho yake ikifa.

"Yule mzee wa Likunja. Yule uliyeniambia nimwelekeze kwingine."

Obadia aliinamisha kichwa. Alimaliza divai yake, akaufungua ule mzigo nyuma ya baiskeli, na jembe alilokuja nalo kung'olea akalitumia jioni ile kuchimbia mashimo kumi na saba, mahali pa mashina yaliyokufa, ili yapandwe pingili mpya za Shirazi. Miche yake ya mikorosho aliipanda kwenye eneo lake mwenyewe.

Wiki iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Kutoka upande wa hospitali walionekana mwanamke na mama yake mgonjwa wakipita njiani, wamelowa chapachapa, wakiuliza nyumba hadi nyumba mahali pa kufikia. Hawakufika hata kwa Beatrisi. Obadia alitoka mbio kwenye mvua, akawapokea mizigo na kuwaingiza nyumbani kwake, na mkewe alipomuuliza kwa mshangao tangu lini amekuwa mtu wa wageni, alimjibu, "Tangu nilipoonja divai ya kaka yangu. Injika chakula, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone."