Mikono Iliyoshika Kamba

Wapendwa, nitulizieni hao watoto kidogo. Mimi shule sikwenda, haya nayasema kama nilivyoyashika.

Kulikuwa na mchimba kisima mmoja, kule kwetu kwenye ardhi kavu. Yeye anachimba chini. Mkewe na mdogo wake wa kiume wako juu, wanazungusha gogo lililoviringishwa kamba ya kumpandishia. Na wachimbaji wana sheria yao: kamba yenye mtu huiachii mpaka anayekupokea aseme kwa mdomo wake, "Nimepokea." Hata ukiona mikono yake imeshika. Mpaka aseme.

Siku hiyo anapandishwa, amefika katikati, gogo likakatika. Mpini wa gogo ukampiga yule mdogo mtu, mkono ukavunjika. Mama, yule mkewe, akadaka kamba. Akaipitisha nyuma ya kiuno, akakaza visigino kwenye jiwe, akaketi. Kamba ikasimama. Huko chini udongo unaporomoka, pu, pu, ndani ya maji.

"Shemeji, kimbia ukaite watu!"

"Nikuache peke yako?"

"Mkono wako mmoja utanisaidia nini? Kimbia!"

Shemeji akakimbia, mama akabaki. Kupandisha hawezi, kuachia hawezi. Uzito wa mumewe unavuta chini, yeye anavuta juu, nguvu kwa nguvu, sawasawa. Mjukuu wangu Nyemo, anayesomea uuguzi, aliniambia, "Bibi, misuli haijui kusukuma. Inajua kujikunja na kuvuta, basi. Na hata kitu kisiposogea, humo ndani inavuta tu, mpaka inaishiwa." Basi mama yule kwa nje ni jiwe. Ndani anaungua kama kashika pilipili.

Wanaume wanne wakaja mbio. Wa mbele akaona mama amekaa chini, kamba imetulia tuli.

"We mama, umekaa tu mwenzio anakufa? Toka hapo, wenye nguvu wafanye kazi!" Akaishika kamba.

Mama hakuachia.

"Si nimekwambia toka!"

"Sema."

"Niseme nini, mwanamke wewe?"

Wa nyuma, aliyewahi kuchimba visima, akafoka, "Sema umepokea, mjinga! Atakufa mtu!"

"Haya, nimepokea!"

Ndipo mama akalegeza kiuno. Uzito ulipomfikia yule bwana mwenye maneno, magoti yalimwangusha, kifua kikagonga jiwe. Kama si wenzake kudaka kamba, tungekuwa tunasimulia msiba.

Wakavuta wote, mtu akatoka. Tope mpaka kwenye nyusi, analia, anawakumbatia mmoja mmoja. "Mmeniokoa, ndugu zangu!" Kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe? Nimening'inia pale muda wote ule, hukunivuta hata shubiri moja!"

Mama alinyoosha mikono. Kamba ilikuwa imeshachukuliwa, lakini vidole bado vimejikunja kama vimeishika. Havikufunguka. Viganja vinatoka damu.

Yule mume alitazama, akatazama, akapiga magoti. Akavishika vile vidole, akasema polepole, "Nimepokea, mke wangu. Achia."

Sasa sisi tuliokaa hapa. Tunampigia nani makofi? Anayesogeza kitu. Aliyejenga, aliyefaulu, aliyesafiri. Na yule binti hapo mtaani kwetu, anayemgeuza mama yake kitandani mwaka wa tatu huu? Mama haponi, mama hafi, na sisi tunasema, "Yule binti maisha yake yamesimama." Yamesimama! Wewe unajua ni uzito gani umening'inia kwenye mikono ile? Unajua nini kingeporomoka angeachia dakika moja?

Nami nasema hili nikijiuma ulimi, kwa sababu nimepita mlangoni pake mara nyingi, nikasema pole, nikaenda zangu sokoni. Pole ni nini? Pole ni mtu aliyesimama mdomoni mwa kisima mikono mfukoni.

Kwa hiyo tukimaliza hapa, usiende kwako kwanza. Nenda kwake. Kunja mikono ya nguo, kaza visigino, shika beseni, mgeuze mgonjwa. Uzito ukishakufikia magotini, ndipo useme lile neno. Anakusubiri ulitamke, na vidole vyake havifunguki.