Pasi Isiyo na Kasoro

Paliondokea pasi mpya yenye tabia ya kula nguo, na dobi Mwanakheri aliyeinunua kwa tajiri Ghalibu. Ilipotoboa buibui la mteja, akairudisha Ijumaa abadilishiwe, maana bila pasi hakuna ugali.

"Mali ikiuzwa hairudi!" Ghalibu alinguruma mbele ya wanunuzi. "Pasi ni nzima, mkono wako ndio mbovu."

"Kweli, bwana, kosa ni langu. Naomba umeme nijifunze."

Ghalibu akacheka, akaichomeka. Ilipoanza kufuka moshi, Mwanakheri akasema kwa adabu, "Kanzu yako imekunjamana, na adhana inakaribia. Ivue nikunyooshee."

Wanunuzi wote wakamtazama Ghalibu. Naye akateremsha pasi nyingine, ya bei ghali zaidi.

"Chukua hii, mwanangu, uende zako."

"Ahsante, baba. Nayo tusiijaribu kwa kanzu?"