Bawa la Watu Wanne

Mganga mfawidhi wa zahanati moja ya kisiwani alikuwa na boti moja ya wagonjwa, na boti hiyo ilitumia saa nzima kufika hospitali ya ng'ambo. Kuna wanawake waliofia njiani. Basi akamwita Mugeta, mzaliwa wa kisiwa hicho aliyesomea uhandisi mjini, akamwomba boti ya kasi.

Mugeta alichagua boti yenye mabawa chini ya maji. Mwendo ukikolea, maji huyasukuma mabawa juu, mwili wa boti ukatoka majini, na kizuizi cha maji kikapungua. Kazi ngumu ni umbo la bawa. Mugeta hakuwa na haja ya kukokotoa mwendo wa maji ya ziwa zima. Aliigawa ngozi ya bawa katika vipande elfu mbili, na kompyuta ikapiga hesabu ya maji yanavyosukuma kila kipande. Kisha ikabadilisha umbo kidogo, ikapiga hesabu upya, ikaendelea hivyo siku sita, ikitafuta bawa linalozuiwa kidogo na maji kuliko mabawa yote.

Kompyuta ilitaka kuambiwa jambo moja kabla ya kuanza: bawa litanyanyua uzito gani. Mugeta aliandika uzito wa boti na wa watu wanne, yaani nahodha, muuguzi, mgonjwa na msindikizaji mmoja.

Mganga alisoma karatasi ya hesabu hiyo. "Mwanangu, wewe umezaliwa hapa. Lini uliona mgonjwa wetu akivuka na mtu mmoja?"

Mugeta alijua. Kisiwani mgonjwa huvuka na mama, mama mkwe, shangazi na mume. Huvuka na unga, sufuria na kiroba cha mkaa, kwa kuwa hospitali haipikii wagonjwa. Lakini karatasi ile ingesomwa na walimu wake wa mjini, naye aliona aibu kuandika mkaa. Akamjibu mganga kwamba watu watazoea.

Bawa lilitoka jembamba na refu. Siku ya majaribio boti ilivuka na watu wanne kwa dakika ishirini, na watu wakapiga makofi gatini. Boti ya zamani ikauzwa.

Mwezi wa pili baada ya hapo, asubuhi, Nyanjige, dada yake Mugeta, alishikwa na uchungu akaanza kutokwa damu. Walimbeba hadi gatini kwa machela. Nyuma yake walikuja mama yake, mama mkwe, mumewe, wifi, na shangazi Mbula akiwa na sufuria kichwani. Wote wakapanda pamoja na mzigo wao, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu ndivyo watu huvuka.

Nahodha aliondoa boti. Haikuinuka. Aliongeza moto, injini ikalia, na mwili wa boti ukabaki majini huku mabawa yakiukokota nyuma kama nanga. Baada ya mita mia tatu akageuza. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita.

Mugeta alikuwa amesimama gatini. Aliwaambia washuke, abaki mama mzazi peke yake.

"Na sufuria yangu nayo ina uzito wa kumuua mtu?" shangazi Mbula aliuliza.

"Shuka, shangazi. Nakuomba."

Walishuka. Boti iliinuka, ikaenda. Mugeta alitazama saa yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alivuta pumzi vizuri. Baada ya dakika ishirini simu iliita. Alikuwa muuguzi.

"Tumefika," alisema. "Daktari anataka kumpasua, lakini damu ya kundi lake imekwisha. Anauliza ndugu wa kumtolea wako wapi."

Nahodha na muuguzi walikwisha kupimwa zamani, damu zao hazikufaa. Mama alikuwa na miaka sabini. Ndugu wengine walikuwa wameketi juu ya kiroba cha mkaa gatini, wakimwangalia Mugeta, wakisubiri awaambie simu ilisema nini.

Boti ilirudi kuwachukua, dakika ishirini. Ilibeba watatu, shangazi Mbula, mume na Mugeta mwenyewe, na kuvuka tena, dakika ishirini nyingine. Shangazi alikwisha kukunja mkono wa gauni hadi begani tangu walipoondoka, na mkono ule ulibaki wazi kwenye upepo njia nzima.

Damu yake ilifaa. Nyanjige alipona. Mtoto hakupona.

Mtu yeyote aweza kujumlisha. Boti ya zamani ingeondoka mara moja, ingetumia saa yake moja, na ingefika kabla, ikiwa na damu yote ndani.

Baada ya arobaini Mugeta alirudi kwenye kompyuta. Hesabu ya vipande elfu mbili ilikuwa sahihi, hakugusa hata kimoja. Alifuta uzito wa watu wanne, akaandika watu tisa, unga, sufuria na mkaa. Bawa lililotoka lilikuwa nene, fupi, lisilopendeza kwa macho, na boti ilivuka kwa dakika thelathini na tano. Shangazi Mbula alipovuka nayo mara ya kwanza aliketi mbele, sufuria mapajani.

Kompyuta ilimpa Mugeta bawa bora kabisa kwa watu aliotaka wawe ndugu zake. Wewe uliyekwisha kupanga nyumba yako na kazi yako hata ikapendeza kuitazama, ni nani uliyemwacha gatini kwa kuwa ulimwonea aibu?